Dogo Acheze Namba Ngapi? Jibu Lipo Kwenye Historia ya Jezi

Pita uwanja wowote wa vumbi jioni, iwe Manzese, Mbagala au Tandika, utakuta stori ni ileile. Madogo wamejazana, mpira mmoja, magoli ni ndala mbili huku na ndala mbili kule. Wakubwa wawili wanachagua timu. Mwenye spidi anaitwa kwanza, anaenda mbele. Mwenye mwili anaenda beki. Mwenye mpira anacheza anapotaka, maana akinuna anaondoka nao na mechi imeisha. Mwisho anabaki dogo mmoja hajaitwa. Labda ni mnene kidogo, labda ni mdogo kuliko wote, labda ni mgeni mtaani. Huyo hata haulizwi. Anaambiwa tu: "We kaa goli."

Imeisha hiyo. Namba yake imepangwa ndani ya sekunde mbili, na aliyempangia mwenyewe ana miaka kumi na mbili.

Sasa wadau, kabla hatujamcheka huyo kepteni wa chandimu, tujue kwamba watu wazima wenye suti na masharubu walianza hivyohivyo. Historia ya namba uwanjani imejaa watu waliowekwa mahali kwa sababu ya mwili, kwa sababu ya kipigo, au kwa sababu tu hapakuwa na mtu mwingine. Na wengi wao waliwekwa sipo.

Zamani kila mtu alikuwa straika

Sheria za kwanza za chama cha soka cha Uingereza ziliandikwa London mwaka 1863. Ukizisoma zote hukuti neno golikipa. Kipa aliingia kwenye sheria mwaka 1871. Na mpaka mwaka 1912 alikuwa anaruhusiwa kushika mpira hata nje ya boksi, ilimradi yupo kwenye nusu ya timu yake. Yaani kipa anadaka mpira karibu na katikati ya uwanja na refa anamwangalia tu!

Enzi hizo mpira ulikuwa ni kukokota. Ukiupata unaenda nao mpaka unyang'anywe, wenzako wanakufuata nyuma kama madogo wa chandimu wanavyofuata mpira. Pasi ilikuwa kama aibu hivi. Mechi ya kwanza ya kimataifa ilipigwa Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, Scotland na England. Waingereza walijaza washambuliaji kibao na walikuwa na miili mikubwa. Waskoti walikuwa wepesi, na wakijua wazi kwamba wakienda bega kwa bega wanaumia. Wakaamua kupigiana pasi. Mechi ikaisha 0-0.

Hiyo droo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Watu wadogo walitumia akili na watu wakubwa wakashindwa kuwafunga. Zaidi ya miaka 150 imepita, na bado kuna kocha kitaani anapanga madogo kwa kuwaangalia mabega.

Namba tano ilishukaje nyuma?

Mwishoni mwa miaka ya 1880 timu nyingi zilikuwa zinapanga mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Bosi wa uwanja alikuwa kiungo wa katikati. Anakaba, anagawa mipira, anapanda kushambulia. Ukihesabu kuanzia kipa, kulia kwenda kushoto, mabeki ni 2 na 3, viungo ni 4, 5 na 6, mbele ni 7 mpaka 11. Bosi huyo ndiye namba tano.

Halafu ukaja mwaka 1925. Sheria ya kuotea ikabadilishwa. Mwanzo mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na goli ili asiwe ameotea, ikawa wawili. Mabao yakafumuka. Ligi ya Uingereza ilitoka mabao 4,700 msimu wa 1924/25 mpaka 6,373 msimu uliofuata. Mabeki walipata tabu sana.

Oktoba 1925 Arsenal walikula saba bila pale Newcastle. Baada ya kichapo hicho, kocha Herbert Chapman na nahodha wake Charlie Buchan wakakubaliana kwamba kiungo wa katikati ashuke awe beki wa tatu. Timu nyingine zikaiga. Bosi wa uwanja akageuzwa mlinzi wa mlango.

Namba mgongoni zilikuja baadaye. Arsenal na Chelsea walizijaribu kwenye mechi za ligi Agosti 1928. Fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1933 Everton walivaa 1 mpaka 11, Manchester City wakavaa 12 mpaka 22, na kipa wa City ndiye aliyevaa 22. Mwaka 1939 ligi ya Uingereza ikafanya namba kuwa lazima. Lakini walihesabu kwa mpango wa zamani, wakati namba tano alishashuka nyuma kitambo.

Ndio maana kwetu ukisema "namba tano" watu wanaona beki wa kati, lakini Argentina ukisema namba tano wanaona kiungo mkabaji. Kule bosi hakushushwa kwa namna ile. Namba ni moja, kazi mbili tofauti. Na sisi huku tukazipokea hizo namba tukazifanya lugha kabisa: fulani anacheza namba sita, fulani anagombea namba, fulani kapoteza namba. Mtu akipigwa benchi tunasema hana namba, utadhani hata yeye mwenyewe hayupo.

Siku namba tisa alipopotea

Tarehe 25 Novemba 1953, Wembley. England dhidi ya Hungary. England hawajawahi kufungwa nyumbani na timu ya kutoka nje ya visiwa vyao. Beki wao namba tano alikuwa na kazi moja tu, kumkaba namba tisa.

Tatizo, namba tisa wa Hungary, Nándor Hidegkuti, hakukaa mbele. Alishuka katikati. Beki akimfuata, nyuma kunabaki uwazi. Asipomfuata, jamaa anacheza anavyotaka. Mechi iliisha 6-3 kwa Hungary na huyo "straika" aliyekuwa hakai kwenye nafasi ya straika akafunga matatu.

Hapo ndipo wengi walipoanza kuelewa kwamba namba ya mgongoni ni kitambaa tu. Miaka ya 1970 Waholanzi wakaenda mbele zaidi. Beki anapanda, winga anashuka, kila mtu anaijua kazi ya mwenzake. Fainali ya Kombe la Dunia 1974 walifungwa 2-1 na Ujerumani Magharibi, lakini dunia ilikuwa imeshaona.

Hata goli, sehemu ya kumtupia dogo aliyebaki, ilibadilika. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Toka siku hiyo kipa asiyejua kutumia miguu ni mzigo kwa timu. Kwa hiyo ile "we kaa goli, hujui mpira" imepitwa na wakati toka mwaka huo.

Mastaa watatu, majina mnayo wenyewe

Kuna Mfaransa mmoja alienda London mwaka 1999 akitokea Italia. Kule alikuwa winga na mambo hayakwenda. Kocha aliyemjua toka ujana wake akamwambia acheze katikati, mbele kabisa. Mechi nane za mwanzo, bao hakuna. Watu wakaanza kusema hela imetupwa. Alimaliza akiwa mfungaji bora wa historia ya klabu ile, mabao 228.

Kuna kijana wa Wales, beki wa kushoto. Alicheza mechi 24 za Ligi Kuu na timu yake bila kushinda hata moja aliyokuwemo. Watu wakamwona ana gundu. Baadaye akasogezwa mbele, na Oktoba 2010 akapiga matatu peke yake pale San Siro, ingawa timu yake ilifungwa 4-3. Miguu ilikuwa ileile. Waliochelewa ni watu wa kumpangia namba.

Na kuna Mwitaliano mmoja, namba kumi mwenye kipaji ambaye klabu yake kubwa haikujua imweke wapi. Mwaka 2001 akapelekwa kwa mkopo timu ndogo, na kule akamkuta namba kumi mwingine, staa mkubwa, mwenye kiti chake. Kocha mzee akamrudisha nyuma, mbele ya mabeki, agawe mipira kutoka huko. Mwaka 2006 alibeba Kombe la Dunia akicheza hapohapo.

Hawa walikuwa watu wazima, wanalipwa, wana makocha bora duniani, na bado waliwekwa sipo kwa miaka. Sasa dogo wa miaka tisa anahukumiwa namba ya maisha kwa kuangaliwa unene, inakuwaje?

Basi dogo acheze wapi?

Kwa mwaka au miwili ya mwanzo, acheze kote. Leo beki, kesho winga, keshokutwa golini, na golini waingie kwa zamu, siyo adhabu ya mmoja. Waingereza wenyewe mwaka 2012 walipiga kura kubadili soka la watoto: wadogo kabisa wacheze watano kwa watano, baadaye saba, baadaye tisa, ndio wafike kumi na moja. Uwanja mdogo, watu wachache, kila dogo anaugusa mpira mara nyingi. Huwezi kujua kipaji cha mtoto ambaye mpira haumfikii.

Mwili usikudanganye. Dogo mkubwa wa miaka kumi anaweza kuwa amewahi tu kukua, akifika kumi na tano wenzake wamemfikia. Hata kwenye akademi kubwa za Ulaya, watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili huchaguliwa zaidi, kwa sababu wamewazidi wenzao miezi kadhaa.

Badala ya mabega, angalia anachofanya akiwa hana mpira. Anageuza shingo kuangalia nyuma yake kabla ya kupokea? Huyo katikati patamfaa. Anafurahia kunyang'anya kuliko kufunga? Beki huyo. Anapiga kelele kupanga wenzake na haogopi kuanguka? Mpe gloves, lakini muulize kwanza kama anazitaka.

Maana hilo ndilo linalosahaulika kila jioni. Dogo anayekaa kati ya ndala mbili, mikono mfukoni, anaangalia wenzake wakicheza mbali, hapotezi namba tu. Siku ya tatu au ya nne haji tena, na hakuna anayeuliza yuko wapi. Uwanja unaendelea, mwingine wa mwisho anaambiwa akae goli.

Kesho jioni ukipita pale, mwambie kepteni abadilishe. Dakika kumi tu. Dogo atoke golini, asogee mbele, apigiwe pasi moja.