Kutoka Jandoni Hadi Darasani

Kabla shule hazijaenea nchini mwetu, kijana hakuachwa ajifunze mambo ya mwili wake kwa kubahatisha. Kwa Wazaramo, Wayao na Wamakonde, wavulana walifundwa jandoni na wasichana unyagoni. Makungwi walitaja waziwazi yale ambayo mzazi aliona haya kuyatamka. Hatuyasifu yote. Unyago ulimwandaa mwali kwa ndoa, na mara nyingi ndoa hiyo ilimkuta angali mtoto. Lakini mafunzo yalikuwa na wenyewe, na kijiji kizima kilijua nani kafundwa nini.

Shule ilipomchukua kijana haikuyachukua mafunzo hayo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 madarasa yalijaa watoto waliokaribia kubalehe, wala juu ya kujamiiana hawakuambiwa la maana. Msichana aliyeshika mimba alifukuzwa; aliyempa, mara nyingi, hakuulizwa. Ni Novemba 2021 tu Serikali ilipotoa waraka wa kuwarudisha wasichana hao masomoni.

Ukimwi ndio uliovunja kimya. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng’ambo ya ziwa, katika vijiji vya Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999 katika jumuiya 10, na nyingine 10 zikawekwa kwa kulinganisha. Walimu wa darasa la tano hadi la saba walifundisha habari za uzazi, magonjwa ya zinaa na namna ya kukataa, wakisaidiwa na wanafunzi walioigiza michezo mifupi. Waganga na wauguzi wa zahanati walifundishwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Kondomu ziliuzwa vijijini na vijana wenyewe, ingawa darasani mwalimu hakuruhusiwa kuonyesha matumizi yake.

Vijana walipopimwa mwaka 2001 na 2002, na tena mwaka 2007 na 2008, walijua mengi kuliko wenzao. Hata hivyo, maambukizi ya virusi vya Ukimwi hayakuwa machache kwao.

Twaona sababu haiko mbali. Msichana alifunzwa kukataa. Mwanamume mtu mzima aliyemjia na fedha ya sabuni na daftari hakukaa darasani hata siku moja, wala mzazi aliyeiona sabuni ile nyumbani hakuuliza ilikotoka.