Msamiati Mpevu wa Kiingereza na Njia ya Mwisenge

Msamiati mpevu wa Kiingereza ni yale maneno ambayo mtu hayahitaji sokoni wala safarini, bali huyahitaji anaposoma sheria, sayansi, falsafa au fasihi. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa msamiati kutoka New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 ili asome riwaya au gazeti bila msaada. Familia ni neno pamoja na minyambuliko yake, kwa mfano "analyse", "analysis" na "analytical". Kabla yake, mwaka 2000, Averil Coxhead alikwishatoa orodha ya familia 570 zinazojirudia katika maandiko ya kitaaluma ya fani mbalimbali.

Kwa mwanafunzi wa Musoma, Bunda au Butiama, mkoani Mara nchini Tanzania, mzigo huo huja kwa ghafla. Tangu 1967 karibu shule zote za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Afikapo kidato cha kwanza, biolojia na jiografia humjia kwa Kiingereza. Na wapo wengi ambao hata Kiswahili ni lugha yao ya pili, baada ya Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kikurya au Kijaluo. Dawa iliyozoeleka ni kukariri: neno upande huu wa daftari, tafsiri yake upande wa pili. Kwa maneno ya mwanzo njia hiyo inafaa. Kwa msamiati mpevu haifui dafu, kwa kuwa maana ya neno pevu hutegemea majirani zake: lipi linakaribiana nalo, lipi ni zito zaidi, nani hulitumia na mahali gani.

Hapo ndipo Kiswahili kinapokuwa mtaji badala ya kikwazo. Kiingereza kina matabaka. Chini kuna maneno ya asili ya Kigermanik. Baada ya Wanomandi kuiteka Uingereza mwaka 1066 yakaingia ya Kifaransa. Kisha wasomi wakachota kwa wingi katika Kilatini na Kiyunani. Ndiyo maana "ask", "question" na "interrogate" yote yahusu kuuliza, lakini hayabadilishani nafasi. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua hali hiyo tangu utotoni, ingawa hakuna aliyemwambia kuwa anaijua. "Uliza" ni neno la Kibantu. "Hoji" na "saili" yana asili ya Kiarabu, lugha iliyotupatia pia elimu, falsafa, siasa na nadharia. Mtoto huuliza, mbunge huhoji, mwombaji wa kazi husailiwa. Mipaka hailingani: "interrogate" hukaa zaidi kituo cha polisi kuliko kwenye usaili wa kazi. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kuipima tofauti ndani ya lugha yake anajua cha kutafuta katika lugha ya pili. Asiyeipima hukariri maneno matatu kwa tafsiri moja, na kuyachanganya yote.

Uangalifu huo humkinga pia na maneno ya mkopo yaliyobadilika njiani. Gesti ya Musoma ni nyumba ya kulala wageni. "Guest" wa Kiingereza ni mgeni mwenyewe. Hotelini watu wengi huenda kula. "Hotel" ni mahali pa kulala.

Kuna tatizo jingine, la neno kutangulia kitu. Mwanafunzi hupewa "invasive", "extinction" na "ecosystem" kwa mfano wa kisiwa asichokijua, ilhali ziwa liko mbele ya darasa. Sangara waliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimepungua sana au kutoweka. Mtoto wa mvuvi anawatofautisha sato, furu, sangara na dagaa bila kusita. Jambo analo, limekosa jina tu. Mwalimu akianzia hapo, neno la Kiingereza hupata pa kushika.

Mkoa wa Mara una kielelezo kisichohitaji kutafutwa mbali. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 katika lugha ya Kizanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kutoka hapo alikwenda Tabora, Makerere na hatimaye Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu shahada ya M.A. mwaka 1952. Kinachofaa kuzingatiwa zaidi ni alichofanya baada ya kukimudu Kiingereza: alikirudisha katika Kiswahili, kwa kutafsiri Shakespeare.

Msomaji anaweza kuliruka neno gumu na hadithi ikaendelea. Mfasiri hana pa kujificha. Katika tamthiliya ya Julius Caesar atakutana na "censure", ambalo leo ni kulaani lakini kwa Shakespeare lilikuwa kupima na kutoa hukumu, na itambidi aamue. Au tuchukue "merchant" katika jina la tamthiliya ya pili aliyoitafsiri Nyerere, The Merchant of Venice. Mchuuzi ni mdogo mno kwa mtu mwenye merikebu baharini. Tajiri hutaja mali tu. Bepari, neno lililotoka lugha za Kihindi, kwa asili ni mfanyabiashara. Lakini Azimio la Arusha la 1967 lilikwishalipa uzito wa unyonyaji. Mwaka 1969 tafsiri ilitoka kwa jina la Mabepari wa Venisi, na "merchant" mmoja akawa wengi. Uamuzi huo hauwezekani kwa mtu anayeijua lugha moja tu kwa kina.

Waingereza wenyewe walijifunza Kilatini hivyo. Roger Ascham, aliyemfundisha Elizabeth wa Kwanza kabla hajawa malkia, alieleza katika kitabu kilichochapishwa 1570 jinsi mwanafunzi anavyotafsiri kifungu, kukiweka kando, kisha kukirudisha katika lugha ya awali na kulinganisha na matini ya mwandishi. Zoezi hilo linahitaji kifungu kifupi, kalamu na kamusi, vitu vinavyopatikana hata shule ya kata. Wapo wanaohofu kwamba kutafsiri humzoeza mwanafunzi kuwaza kwa lugha mbili na kumchelewesha. Katika mazungumzo hofu hiyo ina msingi. Katika usomaji wa kina haina, na vibao vya kukataza Kiswahili shuleni humnyang'anya mwanafunzi kipimo pekee alichonacho.

Kazi yenyewe haina haraka. Tafsiri ya Nyerere ya Julius Caesar ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1963. Miaka sita baadaye, akiwa rais wa nchi, aliitoa tena baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari.