Sura ya Mungu Haina Mpaka

Tangu katekesi ya kwanza tunafundishwa kwamba Mungu alimwumba mtu kwa sura na mfano wake. Historia yaonyesha kwamba wengi walilikiri neno hilo huku wakiliwekea mipaka.

Mwaka 1511, katika kisiwa cha Hispaniola, Mdominikani Antonio de Montesinos aliwauliza Wahispania mle kanisani kama wenyeji waliowatumikisha katika machimbo ya dhahabu hawakuwa watu wenye roho. Mwaka 1537 Baba Mtakatifu Paulo III alitangaza kwamba wenyeji hao ni watu kamili, wala haifai kuwanyang'anya uhuru na mali yao, hata wasipokuwa Wakristo.

Hata hivyo, mtetezi wao mashuhuri, Padri Bartolomé de las Casas, alishauri mwaka 1516 waletwe watumwa, wakiwemo watu weusi, ili wenyeji wapunguziwe mzigo. Miaka 10 baadaye Afonso I, mfalme Mkristo wa Kongo, alimlalamikia kwa barua mfalme wa Ureno kwamba raia wake walitekwa na kuuzwa, hata wana wa wakubwa. Uzeeni, Las Casas alikiri kwa maandishi kwamba utumwa wa Waafrika ulikuwa dhuluma ileile.

Basi twaweza kumtetea ndugu mmoja huku tukimsahau mwingine. Tunapoitaja sura ya Mungu, tujiulize tumemwacha nani nje: mkimbizi, mchimbaji, au jirani wa kabila jingine? Heshima yake haikutoka kwetu, wala hatuna mamlaka ya kuiondoa.