Mti uliozuia mji kuhama

Huu mkaratusi tunaopikia na kujengea hapa kambini ni mgeni kama sisi, tena hauna hata makaratasi! Kwao ni Australia. Ule wa globulus asili yake ni Tasmania na Victoria, unapita mita 50 na majani yake hayapukutiki yote kwa msimu mmoja.

Addis Ababa ilianzishwa 1886, enzi za Menelik. Basi kuni zikaisha vilimani, mfalme akaanza kujenga Addis Alem ili ahamie huko. Lakini miaka ya 1890 mkaratusi ulikuwa umeshaletwa. Ukiukata, kisiki kinachipua tena, miaka michache tu una nguzo. Mji ukabaki palepale.

Ila unakunywa maji vibaya sana. Karibu na kisima hatuupandi.