Njiti Nne za Kiberiti

Msichana aliyekuwa akiishi na mama yetu kule Machame tulimfukuza siku ya Jumapili. Mama alisema pesa zake za kahawa zimeibwa, na mwizi hakuwa mwingine ila yule aliyelala naye nyumba moja. Kaka akamhoji, msichana akalia, nasi tukayachukua machozi kuwa ushahidi. Akaondoka na begi lake dogo. Miezi minne baadaye nilizikuta pesa zile ndani ya kopo la unga wa ulezi, zimefungwa kwenye kitambaa cha Mama mwenyewe. Nilipomwonyesha, alishangaa kwa dhati: nani kaziweka humu?

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta jina la kinachomsumbua. Katika kusoma usiku baada ya usiku, nikagundua kwamba hata historia ya ugonjwa huu imeanza na tuhuma.

Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, karani wa reli aitwaye Karl Deter alimpeleka mkewe Auguste kwenye hospitali ya magonjwa ya akili. Auguste alikuwa na miaka 51. Dalili ya kwanza iliyowashtua watu haikuwa kusahau, ilikuwa wivu: alidai mumewe ana mambo na mwanamke jirani. Baadaye mapishi yakaanza kumshinda, na vitu vya nyumbani akawa anavificha.

Daktari Alois Alzheimer aliketi naye siku baada ya siku, akiandika kila swali na kila jibu. Alipoulizwa jina la mumewe, alijibu, Auguste. Akila koliflawa na nyama ya nguruwe, alisema anakula spinachi. Alipoambiwa aandike jina lake, aliandika neno la heshima linalotangulia jina la mwanamke aliyeolewa, kisha jina lenyewe likamponyoka.

Auguste alifariki Aprili 1906. Alzheimer, ambaye wakati huo alikuwa Munich, aliletewa ubongo wake na kuuchunguza kwa darubini, akakuta mabonge na nyuzi zilizosokotana. Novemba mwaka huohuo alieleza habari hizo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa ule kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba. Faili la Auguste lilipotea, likaja kuonekana tena mwaka 1995.

Nililolishika katika kisa hicho ni hili: darubini ilikuja baada ya kifo. Alipokuwa hai, daktari alikuwa na maswali, majibu na maneno ya mume. Kwa familia nyingi za kwetu, njia bado ni hiyohiyo. Unapimwa damu ili kuondoa yale yanayotibika, kama tatizo la tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 au maambukizi. Unaulizwa kuhusu huzuni na usikivu. Kisha yanabaki maswali. Basi kila kitu kinategemea ni maswali ya nani.

Daktari wa kwanza alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, bibi." Mama akaitikia marahaba, akamuuliza hali ya wazazi wake, akambariki, akacheka. Dakika tano zikatosha. "Bibi yuko vizuri," akaniambia. "Ni uzee tu." Sikumlaumu. Salamu ile imekaa mahali ambapo ugonjwa ulikuwa haujafika, na sisi wenyewe ilitudanganya kwa miaka miwili.

Wa pili alitoa karatasi. Mama ahesabu kutoka 100 kurudi nyuma, akitoa saba kila mara. Aandike sentensi. Anakili maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana. Kipimo hicho chenye alama 30 kilichapishwa mwaka 1975 na Marshal Folstein na wenzake. Mama aliishia darasa la nne. Tangu hapo kalamu aliishika siku za kusaini malipo ya kahawa. Aliishika penseli ile kama mtu aliyepewa kijiko cha moto, nami nikatazama dirishani. Alishindwa, lakini nilijua mama mdogo, ambaye akili zake ni timamu na madeni ya kijiji kizima anayo kichwani, naye angeshindwa vilevile. Salamu ilikuwa imeuficha ugonjwa. Karatasi ingeuona hata pale ambapo haupo.

Kumbe jambo hilo lilikuwa limeshaonekana hapahapa kwetu. Mwaka 2010, katika wilaya ya Hai, ilipo Machame yenyewe, watafiti waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wakakadiria kwamba asilimia 6.4 wana dimenshia. Katika kazi iliyoendelea hapo kikazaliwa kipimo kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee ambao shule iliwapita. Hakina kuchora. Mahali pa penseli pana njiti za kiberiti.

Kwa hiyo mtu wa tatu aliweka njiti nne mezani, akazipanga, akamwomba Mama apange zake vilevile. Mama amewasha moto kwa kiberiti kila alfajiri kwa zaidi ya miaka 60. Alizichukua, akazigeuza, akaziweka mstari mmoja, akazivuruga. Mwishowe akazikusanya na kuzirudisha ndani ya boksi. "Usichezee kiberiti, mwanangu," akamwambia. Tulicheka wote watatu, kisha mimi nikashindwa kuendelea.

Halafu akanigeukia mimi. Lini ilianza? Nini alichokuwa akikiweza ambacho sasa hakiwezi? Nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha Karl Deter. Nilieleza kila kitu hadi kopo la unga, na nilipofika kwa yule msichana sauti ilinikauka.

Tuliambiwa kwamba ni dimenshia, na huenda ikawa Alzheimer. Dawa ya kuponya haipo. Lakini Kaka ameacha kubishana na Mama, na shangazi ameacha kuulizia nani kamroga. Mama si mwongo wala mchoyo, anaumwa. Na kama Mama anaumwa, basi yupo mtu mwingine ambaye jina lake lilipaswa kusafishwa siku hiyohiyo.

Nilimpigia simu jioni ile. Nikamwambia pesa zilipatikana, nikamwambia zilikuwa wapi, nikaomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama bibi bado anakunywa uji asubuhi.