Kiunzi: kinachobeba ghala la Harmondsworth

Katika kijiji cha Harmondsworth, magharibi mwa London, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, kuna ghala la nafaka lenye urefu wa mita 58 hivi na upana wa mita 12. Lilijengwa miaka ya 1420 na shule ya Winchester College, iliyomiliki mashamba ya hapo, ili kuhifadhi mavuno. Mwandishi wa Kiswahili akilieleza, kalamu yake hukimbilia "ghala la mbao". Naona jina hilo linapotosha. Mbao zinazoonekana kwa nje kazi yake ni kuzuia mvua na upepo. Zibandue zote na paa litabaki limesimama, kwa sababu halikuzitegemea. Uzito wote umebebwa na mifupa ya ndani, nguzo na boriti za mwaloni, na mifupa hiyo ina jina katika lugha yetu: kiunzi.

Neno limetokana na kuunda, kitenzi cha mafundi wa vyombo vya baharini. Kwa hiyo naandika "ghala la kiunzi cha mbao", na neno la kuzingatia hapo ni kiunzi. Wapo wanaopendekeza "kenchi", kwa kuwa kila fundi paa wa leo analijua. Lakini kenchi hukaa juu ya kuta zilizokwisha kujengwa na hubeba paa peke yake. Kiunzi huanzia chini kabisa. Huko Harmondsworth kila nguzo imekanyaga jiwe, haikuchimbiwa ardhini, na hapo ndipo lilipo jibu la anayeuliza mti umewezaje kukaa karibu miaka 600 bila kuoza: unyevu wa udongo haukuufikia. Nyumba zetu za miti na udongo zina mifupa pia, ila miti yake husimikwa shimoni, na huanza kuliwa na mchwa na unyevu kutokea chini.

Tazama sasa upana. Wajenzi wa Lamu na Unguja walijua kwamba boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu. Mafundi wa Harmondsworth nao hawakuwa na mti mmoja wa kuvuka mita 12 kirahisi. Walipanga safu mbili za nguzo kwa urefu wa jengo, wakapata ukumbi mpana katikati na ujia mwembamba kila upande. Paa linashuka kwa mteremko mmoja mrefu hadi juu ya kuta fupi za pembeni. Hivyo ndivyo jengo pana linavyopatikana kwa miti ya kadiri.

Juu ya nguzo umelazwa mti mrefu unaopokea makombamoyo. Kiswahili kinalo jina lake: mtambaapanya. Sioni sababu ya kuunda istilahi nyingine wakati hii inaonyesha wazi mti ulipo, pale panya anapopita usiku. Unaovuka kutoka nguzo hadi nguzo, ukizizuia zisisukumwe nje na uzito wa paa, nauita boriti ya mkingamo.

Utamu wenyewe uko kwenye viungo. Ncha ya mti mmoja huchongwa ulimi, ukaingia katika tundu la mwenzake. Maseremala wetu wanasema vivyo hivyo. Kisha hupigiliwa kijiti cha mti mkavu. Fundi wa viunzi alitoboa tundu la kijiti kwenye ulimi likiwa limepishana kidogo na lile la nje, ili kijiti kinapopita kwa nguvu kivute viungo na kuvibana. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, maana ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Tena mafundi wengi walisimamisha nguzo kichwa chini, upande wa shina ukiwa juu. Unene wa shina ulihitajika kule ambako mtambaapanya, boriti ya mkingamo na nguzo hukutana, kila kimoja kikidai nafasi ya ulimi wake.

Pete za ukuaji ndani ya miti ya Harmondsworth zimewawezesha wataalamu kujua ilikatwa lini, kati ya 1424 na 1426, na sehemu kubwa mno ya miti hiyo ingali mahali pake. Mbao za nje zinaweza kubadilishwa, kiunzi kinadumu.

Viungo visivyo na misumari ya chuma vina faida nyingine. Mafundi wa viunzi waliunganisha vipande chini kwanza, wakavitia alama za kuchonga, mara nyingi tarakimu za Kirumi, ndipo wakavisimamisha. Anayetaka kulihamisha jengo husukuma vijiti nje, hufuata alama, na kulisimamisha kwingine. Jumba la makumbusho la Weald and Downland, kusini mwa Uingereza, limeokoa maghala na nyumba kwa njia hiyo, kiunzi kimoja baada ya kingine.