Meza ya Barua ya Mzee Franklin

Januari 1778, wajumbe wa Kongresi ya Marekani walikuwa wamejibanza katika mji mdogo wa York, Pennsylvania, kwa sababu Waingereza walikuwa wameiteka Philadelphia. Siku hiyo walipokea furushi walilolisubiri kwa hamu kubwa. Lilitoka Ufaransa kwa wawakilishi wao, nalo lilibeba ripoti za miezi mingi. Nahodha John Folger ndiye aliyelivusha Atlantiki. Walipovunja lakiri na kulifungua, wakakuta karatasi nyeupe.

Mwizi alikuwa nahodha mwenzake, Joseph Hynson wa Maryland, aliyekuwa akilipwa na Waingereza. Kabla Folger hajang'oa nanga Le Havre, Oktoba 1777, Hynson alizitoa ripoti zote za maana na kujaza karatasi tupu mahali pake. Ripoti zenyewe zikapelekwa London. Folger wa watu, ambaye hakujua lolote, alikamatwa na kuhojiwa, baadaye akaachiwa. Taifa lililokuwa vitani kupigania uhuru wake likaendelea kukaa bila kujua mabalozi wake ng'ambo wamefikia wapi.

Benjamin Franklin, mmoja wa wawakilishi hao, hukumbukwa kwa kofia yake ya manyoya na maneno yake matamu kwenye kumbi za Paris. Lakini sehemu kubwa ya ubalozi wake aliifanya akiwa ameketi, kalamu ya unyoya mkononi. Alitia nanga pwani ya Brittany Desemba 3, 1776, akiwa na miaka 70, baada ya safari ya baharini iliyomchosha kabisa. Alifuatana na wajukuu wawili: William Temple Franklin, kijana wa miaka 16, na Benjamin Bache, mtoto wa miaka 7. Mapema mwaka uliofuata akahamia Passy, kijiji kilichokuwa njiani kati ya Paris na Versailles, katika nyumba ya tajiri mfanyabiashara Jacques-Donatien Le Ray de Chaumont. Alikaa hapo hadi Julai 1785.

Hapakuwa na ofisi ya ubalozi kama tunayoijua leo. Temple ndiye aliyekuwa karani. Babu aliandika, mjukuu akanakili, kisha akanakili tena, maana barua ya kuvuka bahari haikutumwa nakala moja. Nakala kadhaa zilipanda meli tofauti, kwa matumaini kwamba hata moja itafika. Manahodha waliagizwa waufunge mfuko wa barua na kitu kizito, wautupe baharini meli ikikaribia kutekwa.

Hata hilo halikuwa hakika. Septemba 3, 1780, Waingereza waliikamata meli iliyombeba Henry Laurens, mjumbe aliyekuwa akielekea Uholanzi. Laurens aliutupa mfuko wake majini, nao ukakataa kuzama upesi. Mabaharia wa Kiingereza wakauopoa. Ndani yake kulikuwa na rasimu ya mkataba kati ya Wamarekani na Waholanzi, na kabla mwaka haujaisha Uingereza ilikuwa imeitangazia Uholanzi vita, rasimu hiyo ikiwa miongoni mwa sababu ilizozitaja. Laurens mwenyewe alifungwa katika Mnara wa London. Uzito haukutosha mfukoni, na vita vikaongezeka taifa moja.

Palipohitajika siri, Franklin alitumia msimbo uliotungwa na Charles Dumas, mwanazuoni aliyekuwa wakala wa Wamarekani kule The Hague. Dumas alichukua kifungu cha maneno ya Kifaransa, akaipa kila herufi na alama yake nambari kwa kufuata mpangilio, kuanzia 1 hadi 682. Kwa kuwa herufi kama e hujirudia mara nyingi, ilipata nambari nyingi tofauti, hivyo adui hakuweza kuitambua kwa kuhesabu nambari inayotokea zaidi. Ulikuwa msimbo mzuri, ila kuandika ukurasa mmoja kwa njia hiyo kulichosha macho na mkono, na mzee hakuwa na subira nao kila siku.

Na msimbo una faida gani ikiwa adui anakaa mezani pako?

Dakta Edward Bancroft alizaliwa Massachusetts, akawa tabibu na mtaalamu wa mimea, na mwaka 1773 akapokewa katika Royal Society ya London. Franklin alimjua na kumwamini. Bancroft alifanya kazi kama katibu wa wawakilishi wa Marekani, akasoma barua zao na kusikiliza mazungumzo yao. Tangu Desemba 1776 alikuwa pia na mkataba na serikali ya Uingereza. Alitakiwa kuandika barua zinazoonekana kuwa za mapenzi, zikielekezwa kwa Bwana Richardson, na katikati ya mistari aandike habari zenyewe kwa wino usioonekana. Kila Jumanne, baada ya saa tatu na nusu usiku, karatasi iliwekwa ndani ya chupa iliyofungwa uzi, chupa ikateremshwa katika shimo chini ya mti kwenye bustani ya Tuileries, pale Paris. Mtu wa ubalozi wa Uingereza alikuja, akaichukua na kuacha nyingine.

Mkataba wa urafiki kati ya Ufaransa na Marekani ulitiwa saini Februari 6, 1778. Haikupita siku mbili habari zake zilikuwa London. Kongresi, iliyokuwa mwenye mkataba, iliupata Mei 2, yaani karibu miezi mitatu baadaye.

Franklin alikuwa ameonywa. Januari 1777 mwanamke aitwaye Juliana Ritchie alimwandikia kwamba amezungukwa na wapelelezi. Alijibu kwamba hilo halina shaka, na kwamba kanuni yake ni kutojihusisha na jambo ambalo angeona haya likijulikana. Hata akithibitisha kuwa mtumishi wake ni mpelelezi, hatamfukuza kwa sababu hiyo tu, maadamu kazi yake anaifanya vizuri. Barua hii hunukuliwa sana kama alama ya hekima. Mimi naiona kuwa kosa zito. Habari zilizotoka katika nyumba ile hazikuwa za mikataba peke yake. Zilikuwa pia za meli: ipi inaondoka, bandari gani, imebeba nini. Kuna mabaharia waliokamatwa njiani kwa sababu hiyo, na wengi wao waliishia kuoza katika magereza ya Forton na Mill huko Uingereza. Wapo wanaodai kwamba mzee alimjua Bancroft na kumtumia kwa ujanja. Hakuna karatasi inayothibitisha hivyo.

Lililowaokoa Wamarekani ni jambo ambalo Bancroft hakulitarajia. Mfalme George III alijua kwamba daktari huyo anacheza biashara ya hisa, akashuku kuwa habari zake zimepindishwa ili bei zimfae. Siri zilifika mezani kwa mfalme mapema, naye akazisoma kwa mashaka.

Tukiacha wapelelezi, mafuriko ya kila siku yalikuwa ya waombaji. Maofisa wa Kifaransa, na wa nchi nyingine pia, walitaka barua ya kuwapeleka kwa Jenerali Washington wakapewe vyeo. Walikuja wenyewe, wakatuma mama zao, shangazi zao, na wakubwa wa serikali. Mkuu mmoja wa nyumba ya watawa Wabenedikto aliahidi kuiombea Marekani endapo Franklin angemlipia madeni yake ya kamari. Kwa upole wote aliokuwa nao, mzee alichoka. Mwaka 1777 alitunga mfano wa barua ya kumpendekeza mtu usiyemjua, ambayo inakiri kwamba mwandishi hajui lolote kuhusu aliyeibeba, na kwa habari za sifa zake inamrudisha msomaji kwa mbebaji mwenyewe.

John Adams alipowasili Aprili 1778 kushirikiana naye, alishtuka. Hakuona daftari la barua, wala daftari la hesabu, wala kumbukumbu za vikao. Baadaye aliandika kwamba Franklin hupata kifungua kinywa kwa kuchelewa, mara magari ya farasi yanajaa uani yakiwa yamebeba wanafalsafa, mabibi na watoto waliotaka kumwona mtu mashuhuri. Chakula cha mchana ni cha mialiko, na kurudi nyumbani ni usiku. Ilimchukua Adams siku kadhaa kupata saini moja. Malalamiko hayo yana haki. Lakini Adams, mchapakazi aliyejibu kila kitu na kupanga kila karatasi, aliandika pia barua zilizomuudhi waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Comte de Vergennes, hadi mwaka 1780 waziri akakataa kuendelea kuandikiana naye. Mpangilio wa mafaili ulikuwa upande wa Adams. Upande wa Franklin ulikuwa ujuzi wa kutambua barua ipi isitumwe. Aprili hiyohiyo ya 1778 alimwandikia mwenzake Arthur Lee, aliyekuwa akimshambulia kwa barua za hasira, majibu makali ya mzee asiye na muda wa ugomvi. Aliyaandika, moyo ukapoa, akayaweka kando.

Umbali ulimfanya balozi awe karibu serikali nzima. Machi 10, 1779, Franklin aliwaandikia manahodha wa meli za kivita za Marekani kwamba wakikutana na Kapteni James Cook akirejea kutoka uvumbuzi wake, wasimteke ingawa ni Mwingereza, bali wamsaidie, kwa kuwa kazi yake ni ya manufaa kwa wanadamu wote. Hakuomba ruhusa ya mtu. Wakati akitia saini, Cook alikuwa ameshakufa Hawaii tangu Februari 14, na Ulaya ilikuja kulijua hilo mwaka uliofuata.

Zilizomkosesha usingizi zaidi ni hundi. Kongresi haikuwa na fedha, hivyo iliandika hundi juu ya jina la Franklin na kuziuza, ikitumaini kwamba zitakapobisha mlangoni Passy yeye atakuwa amepata njia. Zilifika kwa mamia, nyingine za kiasi kidogo kabisa, na kila moja ilibidi akague kwa hofu ya kughushiwa. Kuikataa moja tu kungeiangusha heshima ya Marekani katika masoko yote ya Ulaya. Alilalamika kwamba wamemfanya mfanyabiashara, mwenye benki, hakimu wa meli zilizotekwa na konseli, mbali na kuwa balozi. Kisha, kila mara, akachukua kalamu kumwomba Vergennes tena.

Hapo ndipo ilipozaliwa barua ambayo kwangu inazidi zote. Novemba 30, 1782, wajumbe wa Marekani walisaini masharti ya awali ya amani na Uingereza bila kumshauri Vergennes, ingawa Kongresi iliwaagiza wamshauri na Ufaransa ilikuwa imemwaga mamilioni ya fedha na damu ya askari wake kwa ajili yao. Juu ya aibu hiyo, Franklin alikuwa akiomba mkopo mpya. Desemba 15 waziri alimwandikia kwa uchungu, akimtaka mzee anayejua wajibu aeleze jinsi atakavyoutimiza kwa mfalme wa Ufaransa.

Jibu lilitoka Desemba 17. Franklin hakubisha. Alisema hakuna kilichokubaliwa kinyume cha maslahi ya Ufaransa, na hakuna amani itakayokamilika mpaka Ufaransa nayo iwe tayari. Alikiri kosa la adabu, akaeleza jinsi yeye na wenzake wanavyompenda na kumheshimu mfalme, akaomba kazi kubwa iliyokaribia mwisho isiharibiwe kwa kutofikiri kwao kwa mara moja. Halafu akaongeza kwamba amesikia Waingereza wanajisifu kuwa wamekwisha kuwagombanisha marafiki hawa wawili, na anatumaini kutoelewana huku kudogo kutabaki siri ili waonekane wamekosea kabisa. Radhi imo humo, na tahadhari imo: Ufaransa ikikasirika hadharani, atakayefurahi ni London. Vergennes alielewa. Meli iliyopeleka masharti ya amani Marekani ilibeba pia livre 600,000, sehemu ya kwanza ya mkopo mpya wa milioni 6.

Barua moja ya nyumbani haikumjia kwa wepesi huo. Mwanawe William, baba yake Temple, alikuwa gavana wa New Jersey kwa niaba ya mfalme wa Uingereza, akabaki upande wa mfalme vita vilipoanza na kufungwa na Wamarekani. Julai 1784, akiwa London, alimwandikia baba yake kuomba wapatane. Franklin alijibu Agosti 16. Alikubali, kisha akaandika kwamba hakuna kitu kilichowahi kumwumiza kama kuachwa uzeeni na mwanawe wa pekee, na kumwona ameshika silaha dhidi yake. Yeye aliyejua kuzima hasira ya waziri mkubwa wa Ufaransa kwa kurasa chache hakuweza, au hakutaka, kuizima ya kwake. Barua hii hakuiweka kando.

Franklin alifariki Aprili 1790. Karatasi alimwachia Temple, aliyekawia kuzichapisha hadi 1817. Fungu kubwa lilibaki Philadelphia. Jingine, alilokwenda nalo London, lilikutwa miaka ya baadaye limesahaulika juu ya rafu katika duka la fundi cherehani mtaa wa St James's. Mwaka 1882 serikali ya Marekani ililinunua fungu hilo kwa dola 35,000. Miaka 7 baadaye, nyaraka za Waingereza zilipoanza kuchapishwa, mkataba wa Bancroft ulijulikana hadharani kwa mara ya kwanza. Daktari alikuwa amekufa tangu 1821, akiheshimiwa na wote. Tangu 1954 wahariri wa Chuo Kikuu cha Yale wanazikusanya barua zote, zilizotumwa na zilizopokelewa. Majuzuu yamezidi 40, na miaka ya Passy peke yake imechukua karibu nusu yake.